Gundi na skrubu: nani anapanga umri wa simu ya Busisi?

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linalovuka Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo wilayani Misungwi hadi Busisi wilayani Sengerema. Kesho yake, tarehe 20 Juni, nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kutumia kanuni inayozilazimisha kampuni za simu na vishikwambi kuendelea kuuza vipuri vya kila toleo kwa miaka 7 baada ya toleo hilo kuacha kuuzwa, kuvifikisha kwa mafundi ndani ya siku chache za kazi, na kutoa masasisho ya programu kwa muda usiopungua miaka 5. Hakuna aliyepanga mambo hayo mawili yafuatane. Hata hivyo, kwa mkazi wa Sengerema au Geita yanahusiana sana. La kwanza limeondoa kisingizio cha umbali na la pili limeondoa kisingizio cha teknolojia. Kilichobaki ni biashara yenyewe: kampuni ya simu na kompyuta inamtengenezea nani kifaa chake, na mnunuzi huyo ana sauti gani mbele yake?

Kwa miongo kadhaa kila kilichovuka hapa kilisubiri kivuko. MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema vilibeba watu, mabasi, malori ya Geita, matenga ya dagaa na maboksi ya simu kutoka Kariakoo. Foleni ikikaza, saa moja au mbili zilipotea ufukweni, na kusubiri huko kukawa soko: chaja, spika za masikioni, vocha, makava ya simu. Daraja limeugeuza mchezo. Gari linavuka kwa dakika chache na halina sababu ya kusimama, kwa hiyo aliyekuwa akiishi kwa kuwauzia abiria waliokwama amepoteza wateja wake. Simu mpya nazo zinafika Sengerema kwa wepesi ambao haukuwapo. Lakini simu iliyopasuka kioo kwenye mwalo, au iliyokufa sehemu ya kuchajia kwa vumbi na unyevu wa ziwa, haijapata unafuu wa kulingana na huo. Fundi atapata kipuri kama toleo ni lile linalouzwa kila kona. Kama si hilo, ataazima kutoka kwenye bodi ya simu iliyokufa, au atamwambia mwenye simu anunue nyingine. Lami na zege vimefika, na ugumu uliopo sasa unaanzia kiwandani.

Ili kuelewa kwa nini, tuitazame kampuni ambayo Kanda ya Ziwa inaijua kwa majina ya bidhaa zake kuliko kwa jina lake. Transsion ya Shenzhen, China, ndiyo inayotengeneza Tecno, Itel na Infinix. Ilianzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, aliyewahi kuwa muuzaji wa kampuni ya simu ya Ningbo Bird, na mwaka 2008 ikaamua kuelekeza nguvu zake Afrika, wakati wakubwa wa dunia walikuwa wakiliona bara hili kama mahali pa kumalizia toleo la mwaka juzi. Ilifanya jambo ambalo linastahili heshima: ilichunguza maisha ya mnunuzi. Ikaleta simu za laini mbili kwa watu waliokuwa wakibeba simu mbili ili kukwepa gharama ya kupiga mtandao mwingine. Ikaweka betri ya kukaa siku kadhaa kwa wasio na umeme nyumbani, redio, tochi, lugha za Kiafrika kikiwamo Kiswahili, na kamera inayopima mwanga kwa ajili ya ngozi nyeusi. Mwaka 2011 ilianza kuunganisha simu Ethiopia. Ilianzisha pia mtandao wake wa matengenezo, Carlcare, katika masoko ambayo washindani wake wengi walikuwa hawajawahi kuweka hata meza moja ya fundi. Septemba 2019 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Shanghai.

Nyaraka za kuingia sokoni ndizo zilizofungua vitabu vyake kwa umma, na humo ndimo hoja yangu inapoanzia. Mwaka 2018 kampuni iliuza simu milioni 124 hivi, nyingi zikiwa za kitochi. Wastani wa bei ambayo kampuni yenyewe ilipata kwa kila kitochi ulikuwa yuan 66 hivi, yaani kama dola 10 za Marekani, na kwa simu janja yuan 454. Ukitoa betri, kioo, bodi, plastiki, usafiri, matangazo na mishahara, faida inayobaki kwa kila simu ni ndogo sana. Kampuni ya namna hiyo haiwezi kuishi kwa kuuza mara moja. Inaishi kwa wingi na kwa kurudiwa, na ndiyo maana mwaka 2023 ilisafirisha simu zipatazo milioni 194. Silaumu mahesabu hayo, kwani ndiyo yaliyoweka simu mkononi mwa mvuvi na mkulima wa pamba. Ila tusijidanganye kwamba kampuni inayohitaji urudi dukani baada ya miaka miwili itajitolea yenyewe kukurefushia miaka mitano. Kituo rasmi cha matengenezo kinalinda jina wakati wa waranti, na waranti ya kawaida ni mwaka mmoja, tena mara nyingi haigusi kioo kilichopasuka wala maji, mambo mawili yanayoua simu nyingi kando ya ziwa.

Hapo mtu anaweza kusema kwamba ndivyo vifaa vya kielektroniki vilivyo, kwamba vidogo hivi haviwezi kujengwa kwa namna nyingine. Jibu liko katika maduka ya Mwanza, kwenye rafu za kompyuta zilizotumika. Shule, ofisi za kata, vibanda vya stesheneri na wanafunzi wa vyuo wananunua kwa wingi kompyuta mpakato zilizokwisha kufanya kazi Ulaya, Marekani au Dubai, na majina yanayotafutwa ni yaleyale: ThinkPad, mstari ambao Lenovo iliununua kutoka IBM mwaka 2005, EliteBook ya HP, na Latitude ya Dell. Kwa nini hizo, na si kompyuta mpya za bei hiyohiyo? Muulize fundi yeyote, atakuonyesha sehemu ya chini ya mashine. Kifuniko kimefungwa kwa skrubu. Bisibisi moja inatosha kukifungua. Diski inatoka, kadi ya kumbukumbu katika matoleo mengi inatoka, betri, feni na kibodi vinabadilishwa bila kuharibu chochote, na kampuni yenyewe imeweka mtandaoni, bure, kitabu cha matengenezo kinachoeleza kila hatua kwa picha. Mashine iliyofanya kazi miaka minne katika benki ya Ujerumani inaanza maisha ya pili Sengerema, na mengine ya tatu kwa kijana atakayeinunua hapo baadaye.

Kampuni hizohizo, katika miaka hiyohiyo, zimetengeneza pia mashine za bei nafuu za nyumbani ambazo kumbukumbu yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, plastiki yake inavunjika ukiifungua, na vipuri vyake vinaadimika mapema. Wahandisi hawakusahau walichojua walipohama chumba. Tofauti iko kwa mnunuzi. ThinkPad na EliteBook zilitengenezwa kwa ajili ya benki, wizara na mashirika yanayonunua mashine 5,000 kwa mkataba mmoja, yenye idara ya kompyuta inayosoma masharti na kuuliza kabla ya kusaini: kipuri kitafika baada ya siku ngapi, kwa miaka mingapi, na nani ataruhusiwa kufungua mashine? Mnunuzi huyo alidai skrubu akapewa skrubu. Mvuvi wa Busisi ananunua simu moja, kwa fedha ya msimu mmoja mzuri, kutoka kwa muuzaji asiye na uwezo wa kubadilisha chochote. Yeye alipewa gundi. Tunazoea kulijadili suala hili kama la ufundi au la umaskini, lakini ushahidi wa rafu hizo za Mwanza unaonyesha kwamba umri wa kifaa hupangwa siku ya mkataba, na hupangwa na aliyekuwa na nguvu ya kuuliza.

Kompyuta hizo zina funzo jingine, chungu kidogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi, kwa sababu ya masharti yake kuhusu prosesa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine ambayo vipande vyake vyote ni vizima imeambiwa imezeeka. Ipo njia ya kutoka, kwa kuwa mifumo huria ya Linux inazikubali mashine hizo vizuri na shule inaweza kuitumia bila kulipa leseni. Lakini tukio hilo linatukumbusha kwamba skrubu peke yake haitoshi. Programu nayo ni kipuri, na anayeiwekea tarehe ya mwisho ameshaamua umri wa chuma.

Sasa tuje kwa hoja za upande wa pili, na ya kwanza ina uzito hasa kwa watu wa ziwani. Kampuni zinasema gundi inazuia maji, na simu inayofunguka kirahisi ni simu inayoingiza maji kirahisi. Ni kweli kwamba kuziba kunasaidia. Lakini simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa hapa zimebandikwa gundi bila kuahidi kwamba zitastahimili kuzama, hivyo mnunuzi anabeba hasara ya gundi bila kupata faida yake. Watunga kanuni wa Ulaya waliizingatia hoja hiyo wakaipa jibu la busara: simu inayozuia maji kweli inaweza kuwa na betri ya kubadilishwa na fundi tu, ili mradi betri hiyo ihifadhi asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 1,000. Anayetaka kuziba na azibe, ila aweke ndani kitu cha kudumu.

Hoja ya pili ni bei. Simu yenye vipuri vya miaka 7 itapanda, wanasema, na atakayekosa simu ni maskini yuleyule tunayedai kumtetea. Siwezi kuipuuza. Katika kitochi cha dola 10 hakuna nafasi kubwa ya kuongeza chochote, na huko nisingeanza, tena vitochi vingi bado vina betri ya kuchomoa kwa ukucha. Suala ni simu janja, ambayo kwa familia nyingi za Sengerema ndiyo kompyuta pekee, ndiyo benki na ndiyo dirisha la bei ya dagaa katika soko la Kirumba, Mwanza. Simu hiyo sasa inanunuliwa mara nyingi kwa mkopo wa malipo ya kila siku au wiki, mtindo ambao kampuni kama M-KOPA ya Nairobi iliuanzisha kwa taa za sola kabla ya kuuhamishia kwenye simu. Mkopaji akichelewa, programu inaifunga simu. Kwa hiyo teknolojia ya kulinda fedha za mkopeshaji kwa muda wote wa deni ipo na inafanya kazi vizuri. Teknolojia ya kuhakikisha kwamba kioo kinapatikana kwa muda huohuo ndiyo inayoambiwa ni ghali. Mtu anaweza kubaki na deni la kifaa kisichowaka, na hiyo ni gharama ambayo haimo katika bei iliyoandikwa dukani.

Tena njia ya kushusha bei kwa kodi peke yake tumekwisha kuijaribu. Bajeti ya 2021/22 ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, kwa simu janja, vishikwambi na modemu, kwa nia njema ya kuongeza watumiaji wa intaneti. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, Serikali ikieleza kwamba unafuu haukumfikia mlengwa. Nadhani msamaha kwenye vioo, betri na sehemu za kuchajia ungefika mbali zaidi, maana fundi wa Busisi ana majirani wa kushindana naye na mteja anajua bei ya jana. Na kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye risiti. Ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na Afrika ilirejeleza rasmi chini ya asilimia 1 ya za kwake. Tanzania ina kanuni za kusimamia taka hizo tangu 2021. Lakini betri ya lithiamu iliyotupwa mwaloni haisomi kanuni, na ziwa hili ndilo tunalokunywa na ndimo samaki wetu wanamotoka.

Hoja ya tatu hutolewa kwa sauti ya chini, nayo inahusu mafundi: kwamba kuwapa vipuri halisi na vitabu vya matengenezo ni kuwapa nyenzo wezi wa simu na watu wasiosomea. Wizi ni tatizo la kweli. Hata hivyo Tanzania ilishaonyesha chombo cha kupambana nao. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchini kote kwa kutumia namba tambulishi za IMEI, zile unazoziona ukibonyeza *#06#, na mfumo huohuo unaweza kuifungia simu iliyoripotiwa kuibwa. Mwizi anazuiwa kwa namba, hakuna haja ya kumzuia kwa kumnyima mwenye simu halali kioo. Kuhusu ujuzi, fundi anayejifunza kwa kubahatisha ndiye wa kuogopwa, na anabahatisha kwa sababu kitabu kimefichwa. TCRA ina leseni za matengenezo ya vifaa vya mawasiliano, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha. Kampuni ingeweza kuweka sharti kwamba kipuri halisi kiende kwa fundi mwenye leseni, na vijana wangefuata leseni mbio, kwa sababu kwa mara ya kwanza ingekuwa na faida mkononi.

Wapo pia wanaosema tuache habari za kutengeneza vya wenzetu, tujenge viwanda vyetu. Majirani wamejaribu. Mwaka 2019 Rwanda ilizindua kiwanda cha Mara Phones jijini Kigali na Uganda ikafungua kiwanda cha SIMI huko Namanve, na Oktoba 2023 Rais William Ruto alizindua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, chini ya ubia uliohusisha Safaricom. Kiwanda dada cha Mara kilichokuwa Durban hakikudumu. Natamani viwanda hivyo vifanikiwe, na siku Mwanza itakapopata chake nitafurahi. Lakini kuunganisha vipande vilivyochorwa Shenzhen hakubadilishi mchoro. Simu iliyobandikwa gundi Athi River ni ngumu kufunguliwa kama iliyobandikwa kwingine, na ajira ya kiwanda kimoja haiwezi kulingana na ile ya meza za mafundi zilizokwisha kuenea kutoka Usagara hadi Geita bila ruzuku ya mtu yeyote.

Kwa hiyo tatizo ni kwamba tunanunua mmojammoja, na jibu ni kununua kama zile benki za Ujerumani. Mnunuzi mkubwa tunaye, na ni Serikali. Vishikwambi zaidi ya laki mbili vilinunuliwa kwa ajili ya Sensa ya Agosti 2022, na baadaye vikagawiwa walimu. Zabuni ya ukubwa huo inasikika Shenzhen. Ingeweza kudai, kabla ya bei, ghala la vipuri Mwanza, vitabu vya matengenezo kwa kila chuo cha VETA, na masasisho kwa miaka 5. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazungumzia thamani halisi ya fedha, na thamani ya kishikwambi cha mwalimu wa Nyehunge au Buchosa haiwezi kupimwa siku ya kukabidhiwa tu, mbele ya kamera. Baada ya Serikali wako wanunuzi wa kati: SACCOS, vyama vya ushirika vya pamba, vikundi vya wavuvi vya mialo, na kampuni za mikopo ya simu, ambazo zina maslahi ya moja kwa moja kifaa kisife kabla ya deni. Tume ya Ushindani inaweza kutaka kila simu ya mkopo iwe na waranti isiyopungua muda wa mkopo. Hilo halihitaji mwanasayansi.

Na soko dogo? Tanzania peke yake, kweli, haiwezi kuitisha kampuni kama Umoja wa Ulaya. Lakini hapa ndipo kanuni ya tarehe 20 Juni 2025 inapotusaidia bila sisi kuilipia. Kampuni yoyote inayouza simu Ulaya imeshalazimika kuchora bodi, kupanga vipuri na kuandaa programu kwa masharti hayo. Kanuni nyingine ya Umoja huo, ya betri, ina sharti litakaloanza kutumika tarehe 18 Februari 2027, nalo linataka betri za vifaa vingi vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Michoro hiyo itakuwepo viwandani, imelipiwa na wateja wa Paris na Madrid. Kitakachoamuliwa ni matoleo gani yapakiwe kwenye kontena la Dar es Salaam: hayo, au yale ambayo Ulaya haiyapokei tena. Uamuzi huo utafanywa na wauzaji wanaosoma masharti ya kila nchi, na kwa sasa wakiyasoma ya kwetu wanakuta ubora wa mawimbi ya redio, namba ya IMEI na kodi. Nafasi ya kuandika sharti la vipuri iko wazi, na zabuni ijayo ya vifaa vya shule inaweza kuwa ya kwanza kulibeba.